Mwalimu Akiridhika

Jumamosi ya kwanza ya semina, walimu arobaini waliingia kwenye chumba cha kompyuta cha chuo cha ualimu na kukaa wawiliwawili, mashine moja watu wawili, na moja ya nyuma watatu. Mmoja tu alibaki peke yake, mwalimu wa Jiografia. Si kwamba alimfukuza mtu. Viti vilijaa kuanzia nyuma, kwa sababu mwalimu naye akigeuzwa mwanafunzi hukimbilia nyuma, na yeye aliketi mbele kabisa, mgongo umenyooka, daftari jipya mezani. Hakuna aliyetaka kukaa ubavuni mwa Rula.

Rula ni jina alilopewa na watoto wa shule, walimu wakalirithi. Kwa miaka thelathini na moja aliingia darasani na rula ndefu ya mbao kwapani. Hakumpiga mtoto nayo hata siku moja, hilo tuliseme kwa haki. Alipigia mistari ubaoni, na akiona ramani ya mtoto imekwenda mshazari aliifuta, akamwambia aanze upya. Jina likamganda, maana na yeye mwenyewe alikuwa hapindi.

Ofisi ya elimu ilikuwa imeagiza kila shule ipate walimu wawili wanaojua kutengeneza blogu, ili masomo yawafikie watoto hata wakiwa nyumbani. Shule yao ilimteua mwalimu wa Hisabati, mtu mfupi mwenye maneno mengi aliyeitwa Desimali, na wa pili akajitolea Rula. Mwalimu mkuu alistaajabu. Rula alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na simu yake ilikuwa ya vitufe, ile inayofungwa kwa mpira wa pesa. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba elimu haina mwisho. Jibu lilikuwa zuri na lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili hakumwambia mtu.

Nusu ya pili ilikuwa binti yake.

Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, muuguzi katika hospitali ya mji wa mbali, na huu ulikuwa mwaka wa nne hawajasemezana. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mke wa Rula alipofariki, binti alifika watu wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Rula alikuwa amesimama getini na wanaume wenzake. Akamwona binti anakuja na begi begani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, na mbele ya watu wote akamuuliza, kwa sauti ileile aliyowaulizia wachelewaji asubuhi shuleni: "Ulikuwa wapi?"

Binti akaingia ndani, akakaa siku tatu, akaosha vyombo vya msiba mpaka sufuria ya mwisho, akaondoka. Baada ya hapo namba yake ikawa haipatikani.

Dada yake Rula alikuwa na namba mpya ya mpwa wake. Mara mbili alimpa kaka, mara mbili kaka alikataa. Alisema mzazi hamtafuti mtoto, mtoto ndiye anayemtafuta mzazi. Dada akamwambia sawa, kaa na uzazi wako, mimi si posta. Ndipo likabandikwa tangazo la semina kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, na Rula, akilisoma na kikombe cha chai mkononi, akaona mlango ambao mtu anaweza kuupita bila kuinama. Ukimpigia mtu simu, umemtafuta. Lakini ukiandika mahali ambapo walimwengu wote wanasoma, hujamtafuta yeyote. Akikusoma, kajileta mwenyewe.

Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, sauti ya chini ambayo iliwafanya watu wanyamaze ili waisikie. Alianza na baruapepe. Huwezi kufungua blogu bila baruapepe, kwa hiyo kila mmoja akafungua yake. Rula alifungua, akaandika nywila kwenye daftari kwa mwandiko wa kupendeza, akapiga mstari chini yake, na kwa upande wake habari ya baruapepe ikawa imeishia hapo. Aliichukulia kama fomu. Fomu ukishaijaza, huirudii.

Kipanya kilimsumbua zaidi. Alikishika kama mtu aliyekabidhiwa yai, na kile kimshale kikawa kinakimbia huku na huko kwenye skrini kama kuku anayekwepa kukamatwa. Nyuma yake Desimali alicheka mpaka akakohoa.

"Bwana Rula, kikande tu, hakiumi."

"Fanya hesabu zako."

"Nimeshafanya. Dakika kumi na mbili unatafuta kitufe kimoja."

Lakini jioni ya siku ile blogu ilikuwepo. Rula aliipa jina la somo lake, Dunia na Ramani Zake, akaliangalia juu ya skrini kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kupamba. Mkufunzi alisema nyumba zote zimejengwa kwa tofali moja, kinachomtambulisha mwenye nyumba ni pazia na rangi ya mlango. Akawaonyesha jinsi ya kubadili mandhari, kuweka picha, kuchagua herufi. Rula alichagua kijani cha ubao na maandishi meupe. Mkufunzi akamwambia kwa upole kwamba rangi hiyo huumiza macho kwenye skrini. Rula akasema watoto wamesoma kwenye rangi hiyo miaka thelathini na moja, hajapata malalamiko. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kitambulisho, na tai, uso umekaza kama anasubiri hukumu. Mkufunzi aliuliza kama hana nyingine anayocheka. Alifikiri kwa bidii, kisha akasema hana.

Palikuwa na ukurasa wa kujieleza, uitwao Kunihusu. Kwenye mashine za nyuma watu walikuwa wanaandika kwamba wanapenda mpira, kwaya, kulea, kupika. Rula aliandika shule tatu alizofundisha na miaka yake, vyeti vyake, na masomo ya jioni aliyosoma mpaka akapata diploma akiwa na miaka arobaini na miwili. Mkufunzi aliinama kusoma.

"Mwalimu, hii ni barua ya kuomba kazi. Nani anakusubiri nyumbani?"

Rula, kwa kidole kimoja, akaongeza mstari wa mwisho: *Ana mtoto mmoja.* Hakuweza kuandika "nina". Kwenye maandishi rasmi mtu hajisemi hivyo.

Jumamosi ya tatu walifika kwenye maoni, yaani pale chini ya makala ambapo msomaji anaweza kuandika neno lake. Mkufunzi alieleza njia tatu. Unaweza kuacha wazi, kila mtu aseme. Unaweza kufunga kabisa. Au unaweza kuweka kizuizi, maoni yanaingia lakini hayaonekani mpaka wewe mwenye blogu uyapitishe. Rula hakungoja amalize. Darasani kwake hajapata kusema mtu kabla ya kuitwa. Aliweka kizuizi. Mkufunzi akaendelea kueleza kwamba maoni yanayosubiri hukaa mahali pake, na taarifa yake huja kwenye baruapepe, lakini Rula hakusikia, maana alikuwa amegundua kitu cha kumfurahisha. Maneno anayoyaona msomaji baada ya kutuma maoni yanaweza kubadilishwa. Mashine ilikuwa imeandika tu kwamba maoni yako yamepokelewa. Yeye akayafuta, akaandika ya kwake, na kati ya mapambo yote ya wiki tatu hayo ndiyo aliyoyaonea fahari zaidi: *Asante. Subiri. Mwalimu akiridhika na maoni yako, yataonekana.*

Siku ileile alimpigia dada yake, akamsomea anwani ya blogu herufi kwa herufi, akasema kama kuna mtu atapenda kusoma, asome.

"Mtu gani?" dada akauliza.

"Mtu yeyote."

"Haya. Huyo yeyote nitamfikishia. Lakini ukianza kuniuliza kasemaje, nakata simu. Nilishakwambia mimi si posta."

Basi ikawa kila Jumapili mchana. Alinunua kompyuta iliyotumika, akaiweka kwenye meza ya chakula upande ambao mkewe alikuwa akikaa, kwa kuwa ndiko kwenye soketi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya walimu, vyumba viwili na jiko, na tangu msiba alikuwa anatumia chumba kimoja na nusu. Aliandika kwanza kwenye daftari. Kisha alichukua kalamu nyekundu, akajisahihisha, akajipa alama. Makala iliyopata chini ya saba haikwenda popote. Iliyofaulu aliinakili kwenye mashine kwa vidole viwili, herufi moja baada ya nyingine, mpaka watoto wa jirani wanaocheza nje wanaitwa kuoga.

Aliandika kuhusu mito, kwa nini hupinda wakati maji yangeweza kunyooka. Aliandika kuhusu mvua, kuhusu ramani ya kwanza aliyoichora akiwa mdogo, ya njia kutoka kwao mpaka kisimani. Wiki zilivyokwenda masomo yakaanza kuchanganyika na mambo mengine bila yeye kukusudia. Unaanza na aina za udongo, unajikuta umeandika kwamba mkeo alikuwa akijua mvua ipo karibu kwa kunusa tu, na wewe mwenye diploma ulikuwa unangoja redio.

Blogu ilikuwa na sehemu inayohesabu waliotembelea, na hiyo ndiyo aliyoifungua kila Jumatatu kabla ya kuswaki. Nne. Alikaa akaichambua ile nne kama mtihani. Mmoja ni yeye mwenyewe nyumbani. Wa pili ni yeye tena kwenye kompyuta ya shule. Wa tatu ni Desimali, ambaye lazima atakuwa anachungulia ili apate la kutania. Wa nne je? Wiki iliyofuata, nne. Iliyofuata, nne. Akaanza kuvaa shati la kupiga pasi Jumapili kabla ya kukaa mezani, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa mjusi wa ukutani.

Lakini pale chini, penye maoni, palikuwa peupe. Sufuri. Wiki ya tano, sufuri. Wiki ya kumi, sufuri. Msomaji wake alikuja, akasoma, akaondoka bila kubisha hodi. Rula alijiambia kwamba ndivyo alivyo mtoto yule, kimya kama mama yake. Siku nyingine alijiambia kwamba huenda wa nne si binti hata kidogo, ni mtu wa ofisi ya elimu anayekagua. Alimpigia dada yake, akazunguka sana, habari za afya, habari za magoti, mpaka akafika alipotaka kufika. Dada akakata simu kama alivyoahidi.

Kisha akaandika makala kuhusu mashine ya kushonea. Ilikuwa ya mkewe, nyeusi, ya miguu, na iliibiwa miaka tisa iliyopita, mwaka uleule binti alipoanza kazi. Rula alikwenda kuripoti polisi. Alipima kwa futi alama za miguu ya mashine sakafuni, akachora ramani ya chumba kuonyesha mwizi alipitia dirisha lipi, na askari akaisifu sana ramani ile, akaitia kwenye droo. Makala ile alijipa tisa, alama ambayo hakuwa ameitoa kwa mtu tangu aanze kazi. Kwa Jumatatu kadhaa nne ikabaki nne.

Halafu Jumatatu moja akakuta tatu.

Iliyofuata, tatu. Aliwasha mashine, akaizima, akaiwasha tena. Tatu. Nani angemwambia kwamba mtu anaweza kumkosa mtu ambaye hakuwahi kuwa na hakika kwamba yupo? Aliendelea kuandika, lakini shati akaacha kulipiga pasi, na makala zikawa fupi, na kalamu nyekundu ikawa kali. Jumapili mbili mfululizo alijipa nne, hakuchapisha kitu.

Ilikuwa katikati ya wiki, saa nne asubuhi, mapumziko ya chai. Walimu wengine walikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta. Ofisini walibaki Rula, anasahihisha madaftari, na Desimali, anatafuna mkate akiwa amesimama. Desimali akasema, kama mtu anayetupa jiwe majini aone litaruka mara ngapi, kwamba yeye hataki tena urafiki na watu wenye kiburi cha mtandaoni. Rula hakuinua kichwa. Akauliza kiburi gani.

"Nimekuandikia maoni mara tatu. Tena mazuri, ya kukusifu, na mzaha kidogo. Umenibania. Kila nikituma naambiwa nisubiri, mwalimu akiridhika. Sasa mimi mtu mzima na watoto wanne nikuridhishe wewe?"

"Umeniandikia wapi?"

"Kwenye blogu yako, bwana. Wapi kwingine?"

"Maoni ni sufuri."

Desimali akaacha kutafuna. Alimwangalia mwenzake akaona kwamba hatanii, na hapo mzaha ukamtoka usoni. Akavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta ya ofisi. Akamwambia aingize nywila. Kisha akamwonyesha, pembeni, mahali padogo pameandikwa *Yanayosubiri*, na mbele yake namba kumi na tisa.

Rula akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kama pana mahali hapo.

Walifungua pamoja. Manane yalikuwa ya wauzaji wa dawa za nywele na mikopo. Matatu ya Desimali. Moja la mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa anamshukuru. Na saba yalikuwa na jina moja: Msomaji. La kwanza lilianza na shikamoo. Desimali alisoma mstari mmoja, akasimama, akasema yeye ndiye wa zamu, anakwenda kuangalia kengele. Kengele ilikuwa bado dakika kumi na tano.

Rula akasoma peke yake.

La kwanza lilikuwa la miezi saba nyuma, wiki ya pili tu ya makala zake. *Shikamoo Baba. Shangazi kanitumia. Rangi inaumiza macho.* Hakuna zaidi. La pili lilisema ameusoma ukurasa wa Kunihusu mpaka mwisho, na kwamba anashukuru kuhesabiwa. La tatu lilikuwa refu kidogo. Makala ya mito alimsomea mgonjwa mmoja mzee wodini, mzee akasinzia katikati ya aya ya pili. *Usikasirike. Alikuwa hajapata usingizi siku mbili. Tulishukuru wote.* Rula alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko. La nne na la tano yalikuwa salamu tu, anauliza goti lake linaendeleaje, anauliza nani anamfulia.

La sita lilikuwa chini ya makala ya mashine.

*Baba, mashine haikuibiwa. Mama alinipa nilipopata kazi, tukaipakia wewe ukiwa shuleni. Alisema ungeuliza maswali mengi, kwa hiyo tuseme imeibiwa. Hatukujua utakwenda polisi. Mama alicheka wiki nzima, akawa anachekea jikoni ili usisikie. Ninayo hapa. Ninashona mashuka ya wodi nayo.*

Alilisoma hilo mara mbili. Akakumbuka wiki ile, mkewe anatoka jikoni akifuta macho kwa kanga, na yeye anamwambia asilie, mwizi atapatikana.

La saba lilikuwa la wiki sita nyuma.

*Nimeandika mara saba. Kila mara naambiwa nisubiri, mwalimu akiridhika. Uliponifundisha darasa la sita nilikuwa nanyoosha mkono mpaka bega linauma, unanipita unamwita mwingine, ili watu wasiseme unanipendelea. Nililielewa hilo hata wakati ule, Baba, sikukulaumu. Lakini sasa hivi darasani hamna mtu mwingine. Ni mimi tu. Nashusha mkono.*

Kengele ikalia. Nje watoto wakakimbia, mavumbi yakapita dirishani. Darasa la saba lilikuwa linamngoja kwa somo la misimu, na kwa miaka thelathini na moja Rula hakuwahi kumfanya mtoto angoje. Alisikia nyayo za Desimali kwenye baraza, zikasimama mlangoni, kisha zikaendelea kuelekea darasa la saba, na sauti yake ikasikika ikiwaambia watoto watoe madaftari ya Hisabati. Watoto wakaguna.

Rula alipitisha maoni yote saba, moja baada ya jingine. Kisha akafungua pale pa kujibu.

Mara ya kwanza aliandika kwamba kutokana na hitilafu ya kiufundi, maoni hayakuweza kuonekana kwa wakati. Akalisoma. Lilikuwa safi, halina kosa, na lilikuwa uongo, maana mashine haikukosea popote. Ilifanya alivyoiambia. Akafuta. Mara ya pili aliandika aya nzima kuhusu taratibu za semina na jinsi mkufunzi alivyoeleza kwa haraka. Akafuta hiyo pia, na safari hii masikio yalimwaka kama ya mtoto aliyekamatwa anaigilizia. Angeweza kumpigia dada yake, akaomba namba. Lakini ilikuwa hadharani alipomuumiza mtoto, mbele ya watu getini, na namba ya simu ni jambo la pembeni. Akapiga moyo konde, akaandika polepole, kidole kimoja:

*Mwanangu. Sikuyaona. Nimeyaona leo, yote saba kwa mara moja. Lile neno la kuridhika nililiandika mimi, si kompyuta. Siku ya msiba wa mama yako nilikuuliza ulikuwa wapi, sikukuuliza umefikaje. Nakuuliza sasa. Baba yako.*

Hakutoa daftari. Hakujipa alama. Alibonyeza, na maneno yakatokea papo hapo chini ya jina lake, kwenye kijani cha ubao, mahali ambapo mwalimu mkuu, ofisi ya elimu na muuza dawa za nywele wangeweza kuyasoma.

Siku ileile akaondoa kizuizi, yeyote aseme.

Siku kumi na mbili hazikuleta kitu. Rula alifundisha, alisahihisha, alikula chakula chake mbele ya kompyuta iliyo wazi kama mtu anayekula na mgeni asiyezungumza. Dada yake alipiga simu, hakusema kitu cha maana, ila kabla ya kuaga akamwambia safari hii umefanya vizuri, kisha akakata upesi kana kwamba ameropoka. Desimali aliandika hadharani chini ya makala ya udongo kwamba sasa ukurasa huu umekuwa na demokrasia. Ndilo lililokuwa neno jipya pekee.

Siku ya kumi na tatu, baada ya kazi, alikuta jibu. Halikuwa na salamu. Lilikuwa la safari tu, limeandikwa kama ripoti ya zamu. Shangazi alipiga simu saa kumi alfajiri. Wodini walikuwa wauguzi wawili, mwenzake akiwa na homa. Aliondoka saa mbili, alipopata wa kumpokea. Gari la kwanza lilikwenda mpaka kwenye daraja, likaishia hapo, maji yalikuwa yamepanda. Walivuka kwa miguu wameshikana mikono, watu wasiojuana, yeye begi kichwani. Ng'ambo hakukuwa na gari. Alitembea, akapata lori la mchanga, dereva hakutaka nauli alipojua anakwenda kumzika mama. Lori likamshusha njia panda. Kutoka njia panda alikimbia. *Nilikuwa nakimbia, Baba, na nguo za kazi ndani ya begi, kwa sababu sikupata nafasi hata ya kuziacha. Niliwaona mko getini. Nikasema moyoni, Baba yule pale. Ukaniuliza nilikuwa wapi.*

Hapo palikuwa mwisho.

Rula alikaa. Njia ile aliijua yote, daraja, njia panda, alishawahi kuichorea watoto ubaoni na vipimo vyake. Kutoka njia panda mpaka getini kwake ni kilomita saba na nusu. Aliweka mikono yake mezani, kushoto na kulia mwa mashine, akaiangalia mpaka skrini ikazima yenyewe.

Alipoiwasha tena aliandika maneno ambayo kila mtu humwambia kila anayefika, hata mgeni asiyejulikana, hata mchuuzi anayepita, na ambayo siku ile hayakusemwa.

*Pole na safari, mwanangu. Karibu ndani.*

Ilichukua siku mbili nyingine. Jibu lilikuja mchana, naye alilikuta alipofika nyumbani na madaftari ya darasa la saba kwapani. Hakuyaweka chini. Alilisoma amesimama.

*Asante, Baba. Kuongea kwa simu bado siwezi, nitalia na nina kazi. Andika Jumapili. Nitasoma.*

Alilisoma tena. Aligeuka amwambie mtu, akakuta meza, kiti cha pili, na pazia linalochezacheza dirishani. Akayaweka madaftari. Akachemsha chai, akaja nayo, akakaa, akasoma mara ya tatu. Akaangalia kalenda ukutani.

Ilikuwa Alhamisi tu.